Nimekodi fremu nikarithi samaki wa mapambo. Nimewawekea maji safi, asubuhi mmoja kafa. Nimekosea wapi?

#1 Fremu Namba Tisa (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Niko Kigoma mjini, Mwanga. Wiki iliyopita nimekodi fremu nifungue stationari. Aliyekuwemo kabla yangu alikuwa na saluni ya kike, akahama kwa haraka, akaacha vitu vitatu kwenye kona: draya mbovu, kioo kilichopasuka na tangi la kioo lenye maji ya kijani kama mlenda. Mwenye nyumba akaniambia vyote ni takataka, nitupe. Nikalibeba lile tangi hadi mlango wa nyuma nikalimwage, nikasikia kitu kimegonga kioo kwa ndani. Nusura niliachie.

Samaki wanne. Ni wale wa rangi ya chungwa wanaoitwa samaki wa dhahabu, mmoja ana baka jeupe. Mkubwa wao anakaribia urefu wa kiganja. Muuza chipsi wa jirani anasema saluni imefungwa kama miezi miwili, na kila alipokumbuka alikuwa anawatupia kipande cha mkate kupitia nondo za dirisha. Nimepima tangi kwa rula: sentimita 45 kwa 30 kwa 30, yaani kama lita 40.

Roho ikaniuma. Nikachota maji ya kijani nikabakiza kama inchi tatu ili wasikauke, nikasugua kioo, nikatoa kokoto zote nikazisugua kwenye bomba mpaka zikang'aa, nikajaza maji ya bomba mpaka juu. Yaani palipendeza. Jioni wateja wawili wakaniuliza samaki nauza bei gani.

Asubuhi nafungua mlango, mmoja yuko ubavu juu. Watatu wako juu ya maji wanahema kama wametoka kupanda mlima.

Ninachoshindwa kuelewa ni hiki: kwenye uchafu wa miezi miwili waliishi, kwenye usafi wa usiku mmoja wanakufa. Mwenye ujuzi anisaidie, sijawahi kufuga hata kuku.

#2 Chuma cha Reli

Mkuu uko mwisho wa reli, pale mwaloni Kibirizi migebuka inashushwa alfajiri mpaka watu wanakanyagana, halafu unamlilia samaki asiyeliwa? Nipo pale kwenye kona nakusubiri na ugali.

#3 Mama Kulwa wa Ujiji

Pole mwanangu. Usimsikilize huyo. Wapunguzie maji, pengine ni mengi kwao.

#4 Mzamiaji Mstaafu

Kijana, kwanza fanya haya, maelezo baadaye.

Chukua kikombe, chota maji ya tangi na uyamwage tena humohumo kutoka juu, dakika kumi mfululizo, kisha rudia kila ukipata nafasi. Unawatia hewa. Usiwape chakula leo wala kesho. Jaza ndoo mbili maji ya bomba, ziache wazi kivulini mpaka kesho. Tangi litoe dirishani kama jua linalipiga. Na mama yangu wa Ujiji anisamehe, usipunguze maji hata kijiko.

Nikitoka msikitini nitaandika kwa kirefu.

#5 Fremu Namba Tisa

Shikamoo mzee. Nimeanza na kikombe, muuza chipsi ananishangaa.

#6 Bint Katonga

Kwani si uwapeleke ziwani wakajitafutie maisha? Ziwa hili hapa, dakika kumi kwa bodaboda. Unawatesa kwenye kioo bure.

#7 Mzamiaji Mstaafu

Marahaba. Sasa sikilizeni. Mimi nilizamia samaki wa mapambo hapa Kigoma kwa miaka, tukiwakamata kwenye miamba, tukiwafunga kwenye mifuko na kuwasafirisha Ulaya. Wale ni samaki wa ziwa letu, si hawa wa dhahabu, ila sheria ya maji ni moja.

Samaki anakojoa, anajisaidia, na zaidi ya hapo anatoa amonia, taka yenye sumu, kupitia matamvua yake (yale mashavu mekundu ya kupumulia) kila anapohema. Amonia hiyo inabaki kwenye maji anayoyapumua. Ziwani haina shida, maji ni mengi na kuna bakteria wanaoila. Kwenye lita 40 zenye samaki wanne na mkate unaooza chini, inajaa.

Hapa ndipo penye jibu lako. Amonia ina sura mbili, moja ya upole na moja ya sumu kali. Kinachoamua ni uchachu wa maji, ule unaopimwa kwa pH (namba ikishuka maji yanachachuka, ikipanda yanakuwa kama ya magadi), na joto kidogo. Chukua chembe 100 za amonia. Maji yakiwa pH 7 na joto la nyuzi 25, zilizo sumu kali hazifiki hata moja. Maji yakiwa pH 9 kwa joto hilohilo, zilizo sumu kali zinazidi 30.

Maji yaliyokaa miezi bila kubadilishwa huchachuka taratibu, pH inashuka. Samaki wako walikuwa wanaishi ndani ya amonia nyingi, lakini ya upole, na miili yao ilishazoea uchafu huo. Maji ya bomba ya hapa mjini yanatoka Tanganyika, na ziwa letu linacheza kati ya pH 8.6 na 9.2. Ulibakiza inchi tatu za maji ya zamani zilizojaa amonia, ukazimwagia juu yake maji ya ziwa. Dakika ileile sehemu kubwa ya amonia ikageuka sura. Usiku mmoja ulitosha.

Kosa la pili: klorini ya bomba inachoma matamvua. La tatu, na hili huwauma wote wanaoanza: zile kokoto ulizozisugua zikang'aa ndizo zilikuwa na bakteria wanaokula amonia. Uliwaua kwa maji ya bomba.

Kazini tulikuwa tunaliona jambo hili kwa namna nyingine. Samaki akikaa siku mbili kwenye mfuko uliofungwa, hewa chafu anayoitoa inashusha pH, amonia inakaa kimya. Ukifungua mfuko na kuanza kutia hewa kwa pupa, pH inapanda na samaki aliyefika mzima anakufa mikononi mwako. Ndiyo maana tulikuwa tunawafungisha samaki kabla ya safari, waende tumbo tupu wasichafue maji.

Kwa hiyo usijilaumu kwamba umewaua kwa uchafu. Haraka ndiyo imekuponza.

#8 Chuma cha Reli

Mzee kanifunga mdomo. Naweka kigoda nasoma.

#9 Mzamiaji Mstaafu

Nimeona sasa hivi swali la Bint Katonga. Binti yangu, hilo usilifanye na usimshauri mtu mwingine.

Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya zile tunazoziita mapambo, na karibu zote hazipatikani pengine popote duniani. Huyu wa dhahabu ni wa ziwa hili? Hapana. Ni ndugu wa kapu, yule samaki wa mabwawa, asili yake China, na Wachina wamemfuga kwa zaidi ya miaka 1,000 mpaka akatoka hiyo rangi. Huko Australia watu waliwamwaga mtoni kwa huruma kama yako. Wamezaa, wamekuwa wakubwa, wanachimbua tope na kula mayai ya wenzao. Wanabeba na wadudu wa magonjwa. Sangara alitiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, waulizeni watu wa Mwanza kuhusu furu, wale samaki wadogo aliowala mpaka wengi wakapotea. Kwetu hapa bado hatujaharibu hivyo, tuache.

#10 Bint Katonga

Nimeelewa mzee, shikamoo. Nilijua samaki ni samaki tu.

#11 Mtabora Halisi

Niongeze kwa walioko Tabora wasije wakanakili kila kitu. Huku tulikuwa na maji ya bwawa, sasa tuna ya Ziwa Victoria, si sawa na ya Kigoma. Wengine wana visima. Pimeni maji yenu kwanza. Kuna vikaratasi vya kupimia na kuna dawa za matone kwenye vichupa, mimi yangu iliagizwa Dar ikaja na basi. Nunua ya matone yenye amonia, nitriti na pH. Vikaratasi vya mabwawa ya kuogelea havikuonyeshi amonia.

Na mleta mada, lita 40 kwa samaki watatu wa dhahabu ni selo ya polisi. Wale wenye mkia mmoja ulionyooka wanafika sentimita 30. Kuna mmoja Uingereza alishindaniwa kwenye maonesho mwaka 1956, akafa 1999. Miaka 43. Wengi wetu tunaona samaki wa dhahabu anaishi miezi sita tukadhani ndio umri wake.

#12 Fremu Namba Tisa

Siku ya tatu. Watatu wazima. Nabadilisha robo ya maji kila siku kwa yale ya ndoo iliyolala usiku mzima, nayamimina kwa kikombe polepole. Wameacha kuhema juu. Yule mwenye baka mkia umechanikachanika.

Nimekubali lita 40 hazitoshi. Tatizo tangi kubwa la kioo hapa mjini sijaliona, na la kuagiza kwa basi litafika vipande. Nimepata mawazo mawili. Kuna jamaa ana pipa la plastiki la lita 200 lililokuwa la mawese. Na kuna fundi bomba ana simtanki ya lita 500 iliyopasuka juu, anasema anaweza kuikata. Nyumbani naishi Ujiji, nina uwanja na mwembe. Nichukue lipi?

#13 Mama Kulwa wa Ujiji

Chukua la mawese, ni imara. Mimi langu nahifadhia maji mwaka wa sita. Na ukiliweka chini ya mwembe lifunike na chandarua kikuukuu, ndege wale wanaodonoa samaki hawatagusa. Nina viwili vya kukupa.

#14 Mzamiaji Mstaafu

Mama Kulwa shikamoo, lakini chandarua HAPANA. Vyandarua vyetu vina dawa ya mbu, na dawa ile kwa samaki ni sumu kali sana hata kidogo tu. Mvua ikinyesha juu yake ikadondokea kwenye tangi, kesho utamkuta kijana analia humu tena. Nenda Kibirizi ukaombe kipande cha wavu mkuukuu wa dagaa, wanavitupa.

Pipa la mawese nalo naliogopa. Mafuta huingia kwenye plastiki, utalisugua na majivu na maji ya moto, siku jua likiwaka utaona utando unaelea juu. Utando ule unaziba hewa. Na ukisema ulisafishe kwa sabuni, sabuni ndiyo mbaya zaidi. Halafu pipa ni refu na jembamba. Samaki anapata hewa kupitia uso wa maji, kwa hiyo chombo kipana kifupi kinamshinda kirefu hata kama lita ni zilezile. Kumbuka pia maji yakiwa ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7 na nusu tu. Hawa asili yao ni nchi za baridi, wanapenda nyuzi 18 hadi 23. Hapa kwetu watakuwa kwenye joto mwaka mzima, wapunguzie shida kwa kuwapa uso mpana na kivuli.

Nusu ya simtanki. Hiyo ndiyo nyumba.

#15 Mama Kulwa wa Ujiji

Marahaba baba. Kumbe. Miaka yote nafunika mtungi wa maji ya kunywa na chandarua.

#16 Mzamiaji Mstaafu

Mama, hata huo mtungi toa.

#17 Fremu Namba Tisa

Siku ya tisa. Nimelipa elfu arobaini na tano pamoja na kukatiwa. Fundi kaikata kwa msumeno, ukingo ulikuwa mkali kama wembe, tukachana mpira wa maji tukauvisha pembeni pote. Inaingia lita 250 nikiacha nafasi juu wasiruke. Nimeiweka chini ya mwembe upande usiopata jua la mchana. Majani yanadondoka lakini wavu wa dagaa unayazuia.

Filta nimeitengeneza mwenyewe baada ya kuwasoma humu: kopo la rangi la lita nne (jipya, halijawahi kuwekwa rangi, nilinunua tupu), nimetoboa chini, ndani nimepanga sponji ya godoro niliyoichemsha, juu yake kokoto zilezile za tangi la zamani. Bomba dogo la pampu ya hewa linapita katikati, mapovu yakipanda yanavuta maji kupita kwenye sponji. Pampu nimepata ya mtumba.

Nimeachia maji yakae siku tatu. Kesho nawahamisha kwa bajaji.

Swali: nijaze maji yote mapya au?

#18 Mtabora Halisi

Chukua ndoo mbili za maji ya tangi wanakokaa sasa, hayo waende nayo. Samaki wawe ndani ya ndoo. Ukifika, kila baada ya dakika tano ongeza kikombe cha maji ya simtanki kwenye ndoo, fanya hivyo kwa saa moja na zaidi. Kisha wachote kwa kikapu kidogo, uwatie. Yale maji ya ndoo mwagia mchicha.

#19 Chuma cha Reli

Livingstone na Stanley walikutana Ujiji chini ya mwembe 1871. Sasa mwembe mwingine Ujiji unapokea wageni wa rangi ya chungwa kwa bajaji. Historia inajirudia wakuu.

#20 Fremu Namba Tisa

Wamefika. Dereva wa bajaji aliniuliza mara tatu kama kweli siendi kuwauza. Nikamwambia hawaliwi. Akasema "sasa unawapeleka wapi?" Nikamjibu nyumbani, akanyamaza mpaka tulipofika.

Saa moja ya kwanza walijibanza chini, hawasogei. Jioni nimetoka na tochi, nikakuta wanazunguka mbiombio ukingo mzima, wanazunguka, wanazunguka. Sijui kama samaki anafurahi. Yule mwenye baka ndiye alikuwa mbele.

#21 Bint Katonga

Si wanasema kumbukumbu yao ni sekunde tatu?

#22 Mtabora Halisi

Uongo wa mjini. Wangu wananijua kwa hatua. Akipita mke wangu hawasogei, nikipita mimi wanakuja juu na midomo wazi kwa sababu mimi ndiye nalisha. Usimwambie mke wangu.

#23 Mzamiaji Mstaafu

Kwenye chakula hapo kijana usikosee. Mkate acha kabisa, unavimba tumboni na kuoza chini. Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhi kama letu, ana utumbo tu. Kwa hiyo anakula kidogo, mara mbili kwa siku, kile anachomaliza ndani ya dakika mbili. Ukiona kimebaki, kichote, na kesho punguza. Nunua chakula chao cha punje, ukiloweke kwanza kwenye kikombe kilainike. Njegere moja iliyochemshwa ukaivua ganda inamtosha samaki mmoja, inamsafisha utumbo. Mchicha uliochovywa maji ya moto pia wanaula. Dagaa wa unga ni kitoweo cha mara mojamoja, si kila siku, unachafua maji vibaya.

Na viluwiluwi vya mbu wakitokea humo usiwasumbukie. Hawatafika jioni.

#24 Mama Kulwa wa Ujiji

Yaani wanakula mbu? Mwanangu wakizaa niwekee wawili.

#25 Fremu Namba Tisa

Siku ya 23. WAKUU NAOMBENI MSAADA.

Nilidhani nimemaliza. Dawa ya matone imefika juzi, nimepima: amonia karibu sifuri, nikafurahi. Leo asubuhi wote watatu wamekaa juu karibu na mapovu, wanahema haraka. Matamvua ya mwenye baka yanaonekana kama kahawia badala ya nyekundu. Nimepima tena, amonia sifuri, lakini chupa ya nitriti imetoka zambarau, inasoma 2. Sijabadilisha kitu! Ila umeme ulikatika juzi kuanzia mchana mpaka usiku wa manane.

#26 Mtabora Halisi

Tulia. Hii ni hatua ya pili, inampata kila mtu. Bakteria wa kwanza wanakula amonia wanatoa nitriti. Bakteria wa pili wanakula nitriti wanatoa nitrati, ambayo haina makali sana. Hao wa pili huchelewa kuzaliana. Kazi nzima huchukua wiki nne hadi sita. Na wote wanahitaji oksijeni, umeme ulipokatika wamepungua.

Nitriti inaingia kwenye damu ya samaki na kuifanya ishindwe kubeba hewa, ndiyo maana damu inakuwa kahawia. Anaweza kuwa ndani ya maji yenye hewa tele na bado anakosa pumzi.

#27 Mzamiaji Mstaafu

Nenda dukani kanunue chumvi ya Uvinza. Sitanii. Chumvi inaizuia nitriti isipite kwenye matamvua. Gramu moja kwa lita moja: kwako ni robo kilo. Iyeyushe kwenye ndoo ya maji ya tangi, uimimine kidogokidogo kwa muda wa saa tatu nne, usimwage punje juu ya samaki. Kisha badilisha robo ya maji leo, robo kesho, na kila ukitoa lita 60 rudisha gramu 60 za chumvi. Punguza chakula mpaka nitriti ishuke.

Sponji usiioshe. Ikiziba kabisa, ikamue ndani ya ndoo yenye maji ya tangi hilohilo. Bomba lisiiguse.

#28 Chuma cha Reli

Kigoma tuna dawa ya samaki Uvinza na tulikuwa tunaitumia kwenye dagaa tu.

#29 Fremu Namba Tisa

Nimepima chumvi kwenye mizani ya duka la jirani. Muuza duka kaniuliza napika nini cha robo kilo, nikamwambia naogesha samaki. Nadhani sasa mtaani nina jina.

Saa mbili usiku: bado wanahema lakini wametoka juu. Mwenye baka kala nusu njegere aliyoikuta chini, nimemwona kwa tochi.

#30 Fremu Namba Tisa

Siku ya 26. Nitriti 1. Siku ya 30, nusu. Siku ya 36 sifuri, nimepima mara mbili nikamwita na Mama Kulwa aje aangalie rangi ya kichupa. (Ndiyo, tulikuja kugundua ni majirani, nyumba ya nne kutoka kwangu. Vyandarua vyake nimeviona.)

Sasa nabadilisha lita 60 kila Jumamosi, nachota asubuhi Ijumaa nalaza kwenye madiaba. pH yangu inasoma 8.6, haipandi haishuki. Mzee Mzamiaji, niishushe? Kuna mtu kaniambia nichanganye maji ya mvua.

#31 Mzamiaji Mstaafu

Usiguse. Hawa wanavumilia maji magumu ya namna yetu, mradi amonia ni sifuri na namba haichezi. Ukianza mvua leo, bomba kesho, chupa ya dawa kesho kutwa, utawarudisha kwenye kile kilichomuua mwenzao. Wewe ogopa amonia tu, maana kwa pH hiyo hata kidogo inauma. Usiongeze samaki wa nne.

#32 Mama Kulwa wa Ujiji

Nimewaona kwa macho yangu. Wamenona. Mjukuu wangu haondoki pale, nimemkataza kutia mkono lakini anatia.

#33 Fremu Namba Tisa

Wakuu, nafunga na hili kisha nawaacha mpumzike.

Jana kapita dada mwenye ile saluni, alikuja kudai draya yake (niliitupa, tumeelewana). Akaniuliza kwa aibu kama nilikuta samaki. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa miezi yote hii kumpa maneno makali. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaziangalia moja moja. Akaniambia aliyemuuzia alimhakikishia kwamba hawahitaji kitu, ni chakula kidogo tu asubuhi na tangi dogo linatosha, na yeye alipougua akarudi kwao Kasulu alijua dada wa kazi amewachukua. Dada wa kazi alijua yeye kawachukua.

Nikamwambia ni wake, akitaka namrudishia. Akasema alikopanga hakuna hata pa kuanika nguo, wabaki. Ila anataka kuja Jumapili kuwaona.

Kumbe walikuwa na majina. Mwenye baka ni Malkia. Wale wawili ni Kulwa na Doto, nimemwambia Mama Kulwa amecheka mpaka kashika mbavu. Nikamuuliza na yule aliyekufa je.

"Huyo ni Shemeji."

Sikuuliza zaidi.

Mwenye dawa ya kelele za pampu ya mtumba anipe, inatetemeka usiku kucha na dirisha langu liko hapohapo.

#34 Mtabora Halisi

Ining'inize kwa kamba kwenye tawi la mwembe, isiguse ukuta wala chombo. Iwe juu ya usawa wa maji, umeme ukikatika maji yasirudi ndani ya pampu.

#35 Fremu Namba Tisa

Nimeining'iniza. Kimya. Asante kaka.